Betri za gridi, mnara wa simu au mkulima wa vitunguu: shamba la chini umpangishe nani?

Familia nyingi za Hai, Moshi Vijijini na Meru zina ardhi ya aina mbili. Kuna kihamba huko juu, penye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Halafu kuna shamba la chini, tambarare, linalolimwa mahindi, maharage au alizeti kadiri mvua inavyoruhusu. Kihamba tukiache. Hakuna ukoo utakaokaa kikao kujadili kumpangisha mtu kihamba kwa miaka 25. Shamba la chini ndilo linalobishiwa hodi. Wabishaji wa kawaida ni mkulima wa vitunguu na nyanya anayetafuta pa kulima msimu huu, na kampuni ya minara ya simu. Siku hizi ameanza kusikika wa tatu: mtu anayetaka kiwanja karibu na laini kubwa ya TANESCO ili aweke makontena ya betri yaliyounganishwa na gridi ya Taifa.

Swali la kwanza la kila mtu huwa ni "wanatoa shilingi ngapi?" Naomba kabla ya hilo liulizwe jingine: mradi ukikwama, karatasi uliyosaini inakuacha na nini mkononi? Wapangaji hawa watatu wanatofautiana hapo kuliko wanavyotofautiana kwenye bei, na kwa betri ndiyo hatari yenyewe.

Betri inataka nini kwenye ardhi yako

Kontena la betri la futi 20 lina urefu wa mita 6 na upana wa karibu mita 2.4. Yale ya kisasa hubeba takriban megawati-saa 5 za umeme na huzidi tani 40 kwa uzito. Pembeni yake kuna inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa aina ya gridi), transfoma, swichi za msongo wa kati, nyaya zilizofukiwa, kokoto na uzio. Ukiangalia vifaa peke yake, mradi mdogo wa megawati chache unakaa kwenye eneo dogo kuliko uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Ndiyo maana dalali husema "mama, ekari moja tu inatosha."

Haitoshi kirahisi hivyo, na sababu ni moto. Mwongozo uliotolewa na wakuu wa zimamoto wa Uingereza mwaka 2023 unaanza na mita 6 kati ya kontena na kontena, na mita 25 hadi jengo lenye watu. Ekari moja, ile ya hatua 70 kwa 70 tunayopima wenyewe, ni kama mita 64 kwa 64. Jirani zako wa pande zote wakijenga hadi kwenye mpaka, ukatoa mita 25 kila upande, unabaki na kipande cha mita 14 kwa 14 katikati. Hapo hata makontena mawili yenye nafasi yake na transfoma yake yanabanana. Kwa hiyo ekari moja iliyozungukwa na nyumba, mathalani Njiro ya Arusha au Pasua ya Moshi, siyo ya betri hata kama nguzo za umeme zinapita mlangoni.

Mwongozo huohuo unataka maji ya kuzimia yanayotoka lita 1,900 kwa dakika kwa saa mbili mfululizo. Hizo ni lita 228,000, yaani matanki 23 ya lita 10,000 yaliyojaa na kusubiri. Sisi tunaojua mgao wa maji ya mfereji tunaelewa uzito wa sharti hilo. Hatulazimiki kisheria kufuata mwongozo wa Uingereza, lakini kampuni makini ikija itakuwa na majibu yake kuhusu nafasi na maji kabla hujauliza. Isiyo na majibu inatafuta saini kwanza.

Halafu kuna laini yenyewe. Betri za gridi haziunganishwi kwenye nyaya zinazoingia nyumbani. Kwa mradi mdogo hutafutwa msongo wa kilovolti 33, na hutafutwa karibu na kituo cha kupozea umeme: kwa Arusha ni Njiro au Lemugur, kwa Moshi ni Kiyungi. Shamba likiwa kilomita kadhaa kutoka kwenye laini, kampuni italazimika kujenga laini mpya na kupata mkuza, yaani njia ya kupitishia nyaya, kwenye mashamba ya watu wengine, na kila jirani ana neno lake. Kila kilomita inayoongezeka inapunguza uwezekano wa mradi wako kusimama.

Mnara wa simu unataka kidogo zaidi: kipande kama mita 15 kwa 15, njia ya gari na umeme wa kawaida. Mkulima wa vitunguu hataki umeme kabisa. Anataka zamu ya maji na udongo usio na chumvi.

Kwa nini wazo la betri si la kitapeli

Niseme hili wazi kwa sababu nimesikia watu wakilitupilia mbali. Umeme wa kaskazini unatoka mbali. Njiro inalishwa na msongo wa kilovolti 220 unaotoka Singida kupitia Babati, na ule wa kilovolti 132 unaopanda kutoka Hale kupitia Same na Kiyungi. Sasa upo pia wa kilovolti 400 unaopita Lemugur kuelekea Namanga na Kenya. Mitambo ya jirani ni midogo: Nyumba ya Mungu ni megawati 8, wakati Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia alieleza kuwa umeme unaopotea njiani kuja kaskazini unagharimu kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka, akaitaja hiyo kuwa sababu ya mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya.

Betri iliyokaa mwisho wa laini ndefu namna hiyo ina kazi ya kweli. Inajaa usiku wa manane laini ikiwa nyepesi, na inatoa kuanzia saa moja jioni, saa ambazo kila nyumba imewasha taa, pasi na televisheni na volti inashuka. Kwa hiyo anayekuja na ramani ya Hai au Usa River anaweza kuwa mtu wa kweli kabisa. Kikwazo kiko kwenye malipo.

Nani anamlipa mpangaji wako?

Huko Uingereza, ambako wakulima wengi wamepangisha vipande vya mashamba kwa betri, mwenye betri ananunua umeme bei ikiwa chini na kuuza jioni bei ikipanda. Analipwa pia kwa kusaidia masafa ya gridi yasiyumbe. Betri ya Hornsdale huko Australia Kusini, iliyowashwa mwaka 2017 ikiwa na megawati 100, ilijijengea jina kwa kazi hiyo ya pili. Ni masoko yanayofanya kazi kila siku, na mwenye betri ana milango kadhaa ya kuingizia fedha.

Hapa kwetu uniti unayonunua kwa LUKU ina bei ileile saa nane za usiku na saa mbili za usiku. Hakuna tofauti ya bei ya kuchezea. Mnunuzi mkubwa ni mmoja, TANESCO, na mwenye mtambo anaishi kwa mkataba wake na TANESCO chini ya usimamizi wa EWURA, mdhibiti wa nishati. Utaratibu wa wazalishaji wadogo upo, unagusa mitambo ya hadi megawati 10, na hapahapa Moshi tuna mfano hai: kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, kinazalisha umeme kwa mabaki ya miwa na kuuza ziada kwenye gridi. Lakini TPC ina miwa na boila zake. Betri haizalishi kitu. Inahifadhi umeme wa mwingine na kuurudisha ukiwa umepungua kidogo, kwani katika kila uniti 100 zinazoingia zinarudi kama 85 hadi 90. Bila mkataba unaosema nani analipia huduma hiyo, makontena yale ni gharama tupu.

Tazama wenzetu wa karibu walivyoanza. Afrika Kusini, betri ya Hex karibu na Worcester, megawati 20 na megawati-saa 100, iliyozinduliwa Novemba 2023, ni ya Eskom wenyewe. Malawi, betri ya Golomoti, megawati 5 na megawati-saa 10, imo ndani ya mtambo wa jua wa megawati 20. Zote mbili zimewekwa na watu ambao tayari walikuwa na umeme au kituo chao. Mimi nasoma hivi: betri zikija kaskazini, za kwanza zitakaa kwenye ardhi ya vituo vya TANESCO au ndani ya mitambo ya jua, na shamba la mtu binafsi litafuata baadaye. Anayekuletea mkataba leo anaweka nafasi kwenye foleni. Hata Uingereza, foleni ya miradi ya umeme ya kila aina iliyoomba kuunganishwa ilivuka gigawati 700 mwaka 2024, nyingi mno kuliko nchi inazohitaji, na sehemu kubwa ya miradi hiyo haitajengwa. Nyuma ya mingi ya miradi hiyo kuna mwenye ardhi aliyesaini kitu.

Sasa walinganishe na wale wawili. Kampuni ya mnara ikifika kwako kwa kawaida ina mteja tayari, mtandao wa simu unaotaka kuziba pengo la mawimbi eneo lako. Mkulima wa vitunguu analipwa na soko la Kilombero la Arusha au Mbuyuni la Moshi, soko linaloyumba kweli, lakini wewe anakulipa kabla ya kushusha jembe. Hasara ya bei ni yake.

Yupo pia mpangaji wa nne ambaye madalali hawamtaji: mwenye betri inayomhudumia mteja mmoja mkubwa, mathalani hoteli, kiwanda au shamba la maua, anayechoka kukatikiwa umeme na kuwasha jenereta. Kwa kawaida huiweka kwenye eneo lake mwenyewe. Akikosa nafasi akaomba kipande chako cha jirani, huyo ni mpangaji mzuri kuliko wa betri za gridi, kwa sababu anayelipia unamwona kwa macho, geti lake liko pale. Mkataba wake huwa mfupi na eneo ni dogo. Ukipata bahati hiyo, usiichezee.

Karatasi ya kusubiri

Wengi wataumia hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkataba wa betri za gridi huja kwa hatua mbili. Kwanza ni mkataba wa hiari: kampuni inapata haki ya kulichukua shamba baadaye ikitaka, na wewe unafungwa kumsubiri. Pili, ikiamua, unaanza mkataba wa pango wenyewe, ambao kwa nchi zilizozoea biashara hii ni wa miaka 25 hadi 40. Hatua ya kwanza ndiyo inayoletwa mlangoni, na huletwa kama jambo dogo.

Shangazi yangu ana ekari tatu upande wa chini wa Bomang'ombe, nguzo za kilovolti 33 zinapita pembeni ya mpaka wake. Dalali alimletea kurasa mbili za Kiingereza. Shangazi akanipigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna vijana hapa, wanasema nisaini tu ili waingie kupima. Hela zinakuja baadaye."

"Usisaini kwanza, shangazi. Nipigie picha kila ukurasa, unitumie."

Kupima kulikuwepo, katika sentensi moja. Zilizobaki zilisema hivi: kampuni ina haki ya pekee juu ya ekari zote tatu kwa miaka minne, inaweza kuongeza miwili kwa barua yake yenyewe, katika muda huo mwenye shamba hataliuza, hatalipangisha, hatajenga wala kuliweka rehani, na haki hiyo inaweza kuhamishiwa kampuni nyingine bila kumwuliza. Malipo ya kusubiri: hakuna. Miaka sita ya kufungwa, bure. Mkulima anayelima pale kila masika angetolewa, na ada ya wajukuu inayotokana na pango lake ingekufa naye.

Karatasi hiyo ingeweza kuwa ya haki. Kuifanya iwe ya haki si kazi ngumu, na kampuni yenye nia itakubali. Ada ya kusubiri ilipwe kila mwaka, mapema, na isirudishwe mradi ukifa. Muda uwe miaka miwili, na nyongeza ipatikane kwa hatua iliyofikiwa, mathalani barua ya TANESCO ya kukubali kuunganisha. Isiwe kwa kulipa tu muda usogee. Ukubwa utajwe kwa vipimo na alama za mpaka, ekari moja na nusu zinazohitajika, zilizobaki ziwe huru. Kilimo kiendelee hadi siku ya kuanza kujenga, na mazao yaliyo shambani siku hiyo yafidiwe. Kampuni ikitaka kumpa mwingine, itoe taarifa kwa maandishi na huyo mwingine abebe ahadi zote. Na nakala ya Kiswahili isainiwe pamoja na ya Kiingereza, ikiandikwa ipi itashika zikitofautiana.

Kampuni ya mnara nayo huwa na muda wa kupima na kuomba vibali, ila huhesabiwa kwa miezi. Mkulima hana kusubiri. Akichelewa, mvua haimngoji.

Hesabu ya pango

Tuchukue mfano wa kubuni ili namba zionekane. Kampuni ya kwanza inatoa milioni 4 kwa mwaka, bei isiyobadilika, miaka 25. Ya pili inatoa milioni 3 mwaka wa kwanza, ikipanda asilimia 4 kila mwaka. Watu wengi mezani watachukua ya kwanza. Ya pili inaipita mwaka wa 9, inafika karibu milioni 7.7 mwaka wa 25, na jumla yake yote ni kama milioni 125 dhidi ya milioni 100.

Tena milioni 4 ya mwaka wa 25 siyo milioni 4 ya leo. Bei za vitu zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, shilingi milioni moja baada ya miaka 25 inanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 478,000. Zamani mtu angesema basi tuandike dola. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutoza na kulipana kwa dola kwa biashara za ndani, kwa hiyo mkataba ni wa shilingi, na kinga yako pekee ni kipengele cha kupandisha pango kila mwaka. Kwa mkulima wa msimu huhitaji kipengele hicho, maana mnapatana upya kila mara. Mnara uko katikati, mara nyingi miaka 10 hadi 15. Kadiri mkataba unavyorefuka ndivyo kipengele hiki kinavyokuwa na thamani kuliko bei ya kuanzia.

Kuna mikono mingine kwenye sahani hiyo. Mpangaji ambaye ni kampuni atakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka TRA, kwa hiyo uliza kama bei aliyotaja ni kabla au baada ya makato, na udai hati ya makato kila mara. Ukiwa na hati miliki, kuna kodi ya pango la ardhi ya serikali kila mwaka. Shamba likibadilishwa matumizi kutoka kilimo kuwa viwanda au biashara, kodi hiyo itapanda, na itapanda kwa jina lako. Mkataba useme nyongeza yote iliyoletwa na mradi inalipwa na mradi, na kwamba siku wakiondoka watagharamia kurudisha matumizi ya awali. Kwa vitunguu hakuna linalobadilika.

Moto, kelele na majirani

Betri nyingi zinazowekwa leo ni za lithiamu yenye chuma na fosfeti. Za zamani kidogo, zenye nikeli, manganizi na kobalti, hushika moto kirahisi zaidi. Uliza ni zipi, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Januari 2025 kituo cha Moss Landing huko California kiliwaka, na watu zaidi ya 1,000 waliambiwa waondoke majumbani. Zilikuwa betri za nikeli zilizopangwa ndani ya jengo moja kubwa. Geelong, Australia, mwaka 2021, makontena mawili yaliyokuwa nje yaliungua kwa siku kadhaa, lakini moto ukaishia hapo kwa sababu yalitengana na mengine. Arizona mwaka 2019 wazimamoto walijeruhiwa kwa mlipuko baada ya kufungua mlango wa chumba kilichojaa gesi. Somo kwa mwenye shamba ni nafasi kati ya makontena, aina ya betri, na mafunzo kwa zimamoto wa wilaya kabla ya kuwashwa. Sihofii zaidi ya hapo. Moto wa kontena moja lililokaa peke yake katikati ya shamba la mahindi unazuilika. Bima ya mpangaji itaje pia hasara ya majirani, ili siku ya ajali wasikushtaki wewe.

Kelele ni za feni za kupozea na mlio wa inveta, na Moshi ikiwa na joto kuliko Arusha feni zitafanya kazi muda mrefu zaidi. Mnara wenye jenereta unaweza kuwa mbaya zaidi usiku. Mkulima ana pampu ya maji na dawa za kupulizia, na dawa hizo ndizo kero kubwa kwa mwenye nyuki au anayeteka mfereji chini yake.

Karatasi za ardhi

Na mkulima mmalizane kwa maandishi ya ukurasa mmoja mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na inatosha. Kwa betri na mnara mambo ni mengine.

Kwanza angalia hati yako. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na huwezi kumpangisha mtu muda mrefu kuliko uliobaki nao. Ikiwa imebaki miaka 20, mkataba wa 25 hausimami. Pili, kama shamba ni ardhi ya kijiji yenye hati ya hakimiliki ya kimila, au halina hati yoyote, mkataba mrefu hauishii kwako. Kadiri miaka inavyoongezeka ndivyo idhini inavyopanda, kutoka halmashauri ya kijiji hadi mkutano mkuu wa kijiji. Dalali anayesema kijiji hakihusiki hajui anachouza. Tatu, kampuni ambayo wenye hisa zake wengi si Watanzania huhesabiwa kama mgeni, na mgeni hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji. Uliza wenye hisa ni akina nani kabla ya kuuliza bei. Nne, mwenzi wako akubali kwa maandishi, na ikiwa shamba ni la urithi ambao haujagawanywa, ndugu wote wakae na mirathi ikamilike kwanza. Shamba la marehemu baba haliwezi kupangishwa miaka 25 na mtoto mmoja aliyeko karibu.

Mkataba mrefu usajiliwe kwa Msajili wa Hati na ulipiwe ushuru wa stempu. Mpangaji anaweza kutaka kukopa benki kwa kutumia haki yake ya upangaji, na hilo linakubalika. Hati yako wewe isiguswe kuwa dhamana ya mkopo wake kwa hali yoyote. Wakili awe wako, na gharama zake zilipwe na kampuni. Ni jambo la kawaida katika biashara hii, usione aibu kuliomba.

Shamba lipi, mpangaji yupi

Shamba la ekari mbili au zaidi, lisilo na nyumba karibu, ndani ya kilomita moja au mbili za laini ya kilovolti 33 na si mbali na Kiyungi, Njiro au Lemugur, lenye hati safi: sikiliza watu wa betri. Wape sehemu, usiwape lote, na umwache mkulima kwenye zilizobaki. Saini hiari ikiwa ina ada na ukomo. Usipange ada ya shule ya mtu kwa pango ambalo bado halijaanza.

Shamba lililo mwinuko, penye barabara, lakini mbali na laini kubwa: mnara, ukija. Unachukua kipande kidogo na kukuachia shamba.

Shamba lenye zamu nzuri ya mfereji, kama yale ya Kahe au Mbuguni, siwezi kukushauri kuliweka kokoto. Udongo unaolipa misimu miwili kwa mwaka ni mali ambayo betri italazimika kuilipia ghali mno ili ilingane, na kokoto na zege havitoki kirahisi. Afadhali betri iende kwenye ardhi kavu ya jirani.

Kubomoa na kuondoa

Mkulima akimaliza anaondoka na majembe yake. Mnara unaacha zege na vyuma, na hata hivyo chuma kina wanunuzi. Makontena ya betri zilizokufa ni tani nyingi za mzigo wa hatari ambao mnunuzi wa vyuma chakavu wa Majengo hawezi kuuchukua. Lazima zisafirishwe na wataalamu kwenda kwenye kiwanda cha kuzichakata, na kampuni iliyofilisika haitalipa nauli hiyo.

Kwa hiyo mkataba uweke dhamana ya benki kwa gharama ya kubomoa, kusafirisha na kurudisha udongo, ikadiriwe na mhandisi asiye wa kampuni na irekebishwe kila miaka mitano. Iwekwe siku makontena yanaposhushwa. Mikataba mingine husema itawekwa mwaka wa 15 au wa 20, na hiyo haina maana, kwa sababu kampuni dhaifu hufa mapema. Utaratibu wa kuidai dhamana uwe mwepesi: pango lisipolipwa kwa miezi sita na notisi ikapita, benki ilipe bila kesi. Na ikiwa kampuni inakubali kila kitu kingine ila hilo, mpigie mkulima wa vitunguu mwambie shamba lipo msimu ujao.